Darasa la jioni la Kiingereza, Kirumba: mwalimu hodari, kitini kibovu

Nimemaliza wiki nane za darasa la jioni la Kiingereza katika kituo kimoja kidogo cha Kirumba, hapa Mwanza, kilichopo ghorofani juu ya duka la nyavu na kamba. Ada ya shilingi 150,000 niliyolipa siijutii, isipokuwa sehemu yake ndogo iliyokwenda kwenye kitini, yaani karatasi za somo tulizopewa, ambayo ningependa nirudishiwe. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko na sitaki yageuke ugomvi. Ninachotaka ni kueleza kilichofundishwa na namna kilivyofundishwa, ili anayetafuta darasa la aina hii awe na cha kulipimia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari, na aliyenipeleka huko ni binti yangu, aliyeingia kidato cha kwanza Januari. Anayezijua shule zetu anajua kinachompata mtoto hapo: miaka yote ya msingi amejifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kisha ghafla karibu masomo yote yanamgeukia kwa Kiingereza. Jioni moja aliniletea daftari la baiolojia akaniuliza kwa nini mahali pamoja ameandikiwa "The fish breathes through gills" na mahali pengine "Fish breathe through gills", na kama samaki hao ni wa aina mbili. Nilimjibu kwamba ni walewale. Aliponiuliza kwa nini basi sentensi zinatofautiana, nilimwambia akalale, kesho ana shule.

Darasa hukutana Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili usiku. Tulikuwa wanafunzi kumi na wanane kwenye madawati yaliyotengenezewa watoto. Umeme ulikatika mara kadhaa, tukaendelea kwa tochi za simu. Kelele za daladala zilikuwapo muda wote na baada ya wiki ya kwanza hakuna aliyezisikia tena. Hayo yanatosha kuhusu mazingira.

Kinacholitofautisha darasa hili na mengine niliyowahi kupitia ni kwamba mwalimu hafungui kipindi kwa jina la njeo (wakati wa kitenzi) wala kwa kanuni. Anafungua kwa sentensi. Kila mwanafunzi anatakiwa aje na sentensi moja ya Kiingereza aliyoisikia, aliyoisoma au aliyoisema mwenyewe mjini siku hiyo: kwenye tangazo, kwenye ujumbe wa simu, mdomoni mwa mteja. Mwalimu huchagua moja au mbili, anaziandika upande wa kushoto wa ubao, anaandika Kiswahili chake upande wa kulia, kisha anachora mistari kuunganisha kipande na kipande. Pale mstari unapokosa pa kwenda, hapo ndipo somo linapoanzia.

Kipindi cha kwanza kilikuwa chepesi kwa makusudi. Aliandika "Fishermen sell dagaa" na "Wavuvi wanauza dagaa", akatuonyesha kwamba mpangilio ni uleule: kiima, kitenzi, shamirisho. Tulifurahi mapema mno. Alipotuambia tuandike kwa Kiingereza "Mama yangu anauza dagaa", nusu ya darasa, nami nikiwamo, tuliandika "My mother she sells dagaa". Hakucheka. Alikizungushia duara kiambishi "a-" katika "anauza" akatuuliza kinafanya kazi gani. Mimi ninayekifundisha kiambishi hicho kila mwaka nilikuwa wa kwanza kujibu kwamba kinawakilisha kiima, na papo hapo nikaliona kosa langu: nilikuwa nimekifasiri kiambishi kana kwamba ni neno linalojitegemea. Kiswahili hakikubali kitenzi hicho kisimame bila "a-" hata kama mama ametajwa. Kiingereza, mama akishatajwa, hakihitaji mwakilishi mwingine. Kilichobaki ni ile "-s" ya "sells". Mwalimu alieleza kwamba zamani vitenzi vya Kiingereza vilibadilika mwisho kulingana na nafsi, na kwamba "-s" hiyo ni masalia ya mfumo uliokwisha kuporomoka. Tangu siku hiyo sijaisahau "-s", kwa kuwa sasa naiona kama ndugu wa mbali wa "a-", aliyehamia mwisho wa neno.

Somo lililonilipa ada yangu yote peke yake lilikuwa la kiambishi "-me-". Kijana mmoja anayevuka kila siku kwa kivuko cha Kamanga alikuja na sentensi aliyomwandikia mkuu wake wa kazi asubuhi ile: "The ferry has left at seven." Kwa Kiswahili, "Kivuko kimeondoka saa moja" ni sentensi ambayo hakuna atakayeisimamisha. Mwalimu hakusema kwamba imekosewa. Alisema: "Kaka, wewe uko gatini, mimi nimefika nahema, unaniambia The ferry has left. Umenipa habari gani?" Kijana akajibu kwamba amemwambia amechelewa. "Basi habari hiyo ni ya asubuhi ile kivuko kilipong'oa nanga, au ni ya sasa hivi, nikiwa nimesimama na begi langu?" Ni ya sasa hivi. Hapo akaeleza kwamba "has left" hulifunga tukio lililopita kwenye hali ya sasa, ilhali "at seven" hulipigilia tukio msumari kwenye saa iliyokwisha kupita, na Kiingereza hakivumilii kamba na msumari katika sentensi moja. Ukitaja saa, siku au mwaka uliokwisha, sema "left". Ukiacha kutaja, na kinachokuhusu ni matokeo, sema "has left".

Angeishia hapo lingekuwa somo zuri. Aliendelea. Aliandika ubaoni "amechoka", "amelala", "amesimama", "amevaa", akatutaka tuziweke kwa Kiingereza. Tulioambiwa tangu utotoni kwamba "-me-" ni "has" tuliandika "She has tired" na "The baby has slept". Sentensi hii ya pili naisikia hapa mjini karibu kila siku, na nilikuwa sijawahi kuitilia shaka. Tatizo lake ni kwamba kwa msikilizaji wa Kiingereza usingizi huo umekwisha, mtoto ameshaupata na pengine yuko macho, wakati sisi tunamaanisha kwamba mtoto yumo usingizini na watu wapunguze sauti. Kiingereza hapo kinataka "The baby is asleep". "Amechoka" ni "She is tired", "amesimama" ni "She is standing", "amevaa kanga" ni "She is wearing a kanga". Kiambishi chetu kimoja kinabeba tukio lililokamilika na pia hali iliyozaliwa na tukio hilo, na Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa miundo mitatu. Nilirudi nyumbani nikalipitia upya somo langu la hali timilifu, ambalo nimelifundisha kwa miaka kumi na moja bila kulitazama kutoka upande huo.

Kwa haki, alituonyesha pia mahali ambapo sisi tuna chombo kikali zaidi. "Hakufika" na "hajafika" zimetenganishwa kwa silabi moja, na ndani ya "-ja-" kuna tumaini kwamba huenda akafika. Kiingereza husema "did not arrive" na "has not arrived", kisha kikitaka tumaini hilo lisikike wazi huongeza "yet" mwishoni.

Sasa nifike kwa samaki wa binti yangu. Vibainishi "a" na "the" ndivyo vinavyowatesa wengi wetu, na si ajabu: "the" ndilo neno linalojitokeza mara nyingi kuliko yote katika maandishi ya Kiingereza, na sisi hatuna neno linalolingana nalo. Walimu walionifundisha zamani waliishia kusema kwamba "the" ni kwa kitu kinachojulikana, kana kwamba ninajua nani ajue. Huyu alianza na visu. Aliandika "Nimenunua kisu" na "Nimekinunua kisu", akauliza tofauti. Mama mmoja anayeuza vitenge Makoroboi alijibu bila kufikiri: "Cha kwanza namwambia yeyote. Cha pili namwambia aliyenituma." Mwalimu aliweka chaki chini akampigia makofi. Kisu cha pili tayari kimo akilini mwa wote wawili, msemaji na msikilizaji, na hiyo ndiyo kazi ya "the". Kumbe kazi hiyo tunayo. Tumeificha ndani ya kitenzi.

Kisha akatupeleka kwenye ngano. Hadithi zetu huanza na sungura mmoja, na akishatajwa anakuwa "yule sungura". Hatusemi "sungura yule", maana hiyo ni ya kunyooshea kidole. "Mmoja" wa mwanzo ndiye "a", na "yule" anayetangulia nomino ndiye "the". Tena ulinganifu huo si wa kubahatisha, kwa kuwa "a" yao ilitokana na neno la kuhesabia moja na "the" yao ilitokana na kionyeshi. Lugha mbili zisizo na undugu zimekwenda kuchota kwenye visima vya aina moja. Sikumbuki mara ya mwisho darasa la sarufi lilipokuwa kimya kiasi kile.

Niliuliza swali la samaki. Jibu lilikuwa kwamba "The fish breathes" huchukua samaki mmoja kuwa mwakilishi wa aina yake yote, kama mtu wa vitabuni anavyosema "binadamu" akiwa na maana ya wanadamu, na "Fish breathe" huwataja wote kwa jumla bila kumwakilisha yeyote. Kwa kuwa umbo la "fish" mara nyingi halibadiliki katika wingi, ni ile "-s" ya kitenzi peke yake inayokuambia ni mmoja au wengi. Kwa Kiswahili sentensi zote mbili ni "Samaki hupumua kwa matamvua", na "hu-" ndiyo inayobeba ujumla. Hapo akapata nafasi ya kusahihisha kosa jingine la mjini, la mtu kujitambulisha "I am selling fish" akiwa ofisini, hana samaki wala mizani. "-na-" yetu inafaa kwa kazi ya kila siku na kwa tendo linaloendelea sasa, Kiingereza hutenganisha. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa: "They fish at night." Ukisimama ufukweni usiku usio na mbalamwezi ukaziona taa zao zimejipanga ziwani: "They are fishing."

Kisa kilichotuchekesha kuliko vyote alikileta yule mama wa Makoroboi. Mgeni alinunua vitenge viwili, akatoa noti kubwa, akauliza, "Don't you have change?" Mama akajibu "Yes" na kuendelea kukunja vitenge. Mgeni akasubiri. Mama naye akasubiri mgeni atafute noti ndogo. Walitazamana hivyo, anasema, mpaka jirani wa kibanda cha pili alipokuja kuamua. Kwa Kiswahili, ukiulizwa "Huna chenji?" unajibu "Ndiyo, sina", kwa maana kwamba umesema kweli. "Ndiyo" yetu humkubalia muulizaji. "Yes" na "no" za Kiingereza hazimjali muulizaji alivyouliza. Zinafuata ukweli wa jambo lenyewe, na kama chenji haipo jibu ni "No, I don't", swali liwe la kukanusha au la kuyakinisha. Hili ni jambo dogo ambalo sijaliona likipewa uzito katika vitabu vyetu vya shule, na nadhani limeharibu biashara nyingi kuliko makosa yote ya njeo yakijumlishwa.

Mwalimu hakufanikiwa kila siku. Njia ya kuweka lugha mbili ubavu kwa ubavu ina hatari ya kumfanya mtu aone ulinganifu hata pasipo na ulinganifu, na yeye aliingia mtego huo kwenye vihusishi. Alituambia kwamba "at" ni sawa na "pa-" yetu na "in" ni sawa na "mu-", yaani tofauti ya "nyumbani pangu" na "nyumbani mwangu". Tuliondoka tukiwa tumefurahi sana. Kipindi kilichofuata mtu akauliza kwa nini ni "on the bus" na "on the ferry" lakini "in the taxi", ilhali katika vyombo vyote hivyo abiria yumo ndani, na ulinganifu ukavunjika mikononi mwetu. Maelezo aliyoyatoa baadaye, kwamba chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake huchukua "on" na kile unachoinama kuingia na kukaa huchukua "in", yanasaidia. Yangesaidia zaidi kama angeanza nayo. Kiambishi "-ni" chetu, kinachotosha kwa meza, soko na ziwa, hakina mwenza mmoja katika Kiingereza, na ingekuwa vyema kutuambia hivyo tangu mwanzo.

Vishazi rejeshi alivipitia haraka, lakini vizuri. "Samaki niliyemnunua" ina "-m-" inayomrejelea samaki, na ndiyo maana tunaandika "the fish which I bought it". Ukishajua kwamba "it" hiyo ni "-m-" yako iliyokufuata ukiwa safarini, unaiacha nyumbani. Masharti ya "-nge-" na "-ngali-" yalipewa nusu saa, kidogo mno kwa jambo ambalo hata katika Kiswahili wasemaji wengi wamekwisha kulichanganya.

Sasa kitini. Ni karatasi 64 zilizorudufiwa kutoka nakala ambayo nayo ilirudufiwa, na kurasa nne za katikati hazikuwamo katika nakala yangu wala ya jirani yangu. Hilo ningelisamehe. Nisichosamehe ni kwamba kitini kinafundisha kinyume cha kile mwalimu anachokifanya. Sentensi zake ni za theluji, za treni za chini ya ardhi na za bwana anayemwagilia waridi, na baada ya kila kanuni kuna nafasi ishirini za kujaza. Baya zaidi, baadhi ya kanuni si za kweli. Kinasema "have" kamwe haitumiki katika hali ya kuendelea. Ni kweli kwamba "I am having a car" haifai, kwa kuwa kumiliki ni hali, haina mwanzo na mwendo kama tendo. Lakini "We are having lunch" ni Kiingereza safi, kwa kuwa hapo "have" ni kula. Kinasema pia kwamba wakati ujao huundwa kwa "will", nukta. Mtu akikiamini hatasema "I am travelling to Bukoba tomorrow" wala "The boat leaves at nine", sentensi mbili ambazo ndizo atakazozisikia bandarini. Kinachokera ni kwamba Kiswahili chetu wenyewe kinafanya vilevile: hakuna mtu Mwanza anayeshangaa kusikia "Kesho naenda Ukerewe". Mpango ukishapangwa husemwa kana kwamba umeanza. Kitini kimeshindwa kuona kitu ambacho kila mpanda boti anakijua.

Mtihani wa mwisho ulitungwa kutoka kwenye kitini, si kutoka ubaoni. Tuliulizwa majina ya njeo na kutakiwa kupigia mstari aina za vivumishi. Yule mama wa Makoroboi, ambaye kwa masikio yangu ndiye aliyepiga hatua ndefu kuliko sote, alipata alama za chini, na kijana mmoja ambaye hakufungua mdomo kwa wiki nane alipata za juu. Nilimweleza mwenye kituo jambo hilo kwa adabu. Alinijibu kwamba cheti kinahitaji alama na alama zinahitaji maswali yenye jibu moja.

Anayefikiria kujiunga ajue pia kwamba darasa hili limetangazwa kuwa la wanaoanza, na sivyo lilivyo. Fundi mmoja wa injini za boti, mtu mwenye bidii ambaye hakuwahi kusoma sekondari, aliacha wiki ya tatu kwa sababu maelezo yote yalimtaka ajue tayari maneno mia kadhaa ya Kiingereza na istilahi za sarufi ya Kiswahili. Hakurudishiwa ada. Kwa aliyemaliza kidato cha nne, anayekisoma Kiingereza kwa taabu na kukiandika kwa woga, naliona linafaa sana. Kwa asiye na msingi huo, atafute kwingine kwanza.

Kuhusu binti yangu, nilimrudia na jibu la samaki, nikaanza na "yule sungura". Alinisikiliza, akaniuliza kwa nini basi mwalimu wao wa baiolojia anachanganya sentensi zote mbili katika aya moja. Nikamwambia zote ni sahihi na achague moja aifuate. Awamu ya pili inaanza mwezi ujao; nimekwisha kulipa nusu ya ada, na kwenye fomu nimeandika kwamba kitini sitakihitaji.